Kutengeneza kiumbe kielelezo chenye jeni iliyobadilishwa: mwongozo kamili, kutoka swali hadi friza

Kukata jeni siku hizi ni kazi ya asubuhi moja. Kuthibitisha kwamba unachokiona kwenye hadubini kimeletwa na mkato huo, wala si na kitu kingine, ni kazi ya miezi. Mwongozo huu unaeleza hatua zote za utengenezaji, lakini unatua zaidi pale ambapo wengi hupita mbio: kuchagua kiumbe kielelezo (kiumbe anayechunguzwa kwa niaba ya wengine), kusafisha ukoo (kundi la viumbe wanaorithishana badiliko lilelile), na kumrudishia kiumbe jeni aliyonyang'anywa ili kuona kama atapona.

Mfano nitakaoufuata ni wa mnyoo Caenorhabditis elegans. Nimemchagua kwa sababu mtu mmoja mwenye hadubini, sindano ya kioo na mkono uliotulia anaweza kufika naye mwisho ndani ya wiki chache. Pale ambapo nzi, samaki au panya wanahitaji njia nyingine, nitasema.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kushika mkasi

Andika sentensi moja tu: "Nikiibadilisha jeni hii, nategemea kuona jambo hili, katika seli hizi, katika umri huu." Ukishindwa kuikamilisha, kazi haijaiva, na hakuna kifaa kitakachokuivishia. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuambia ufanye badiliko la aina gani.

Kuizima jeni kabisa hujibu swali la kama inahitajika. Kubadilisha herufi moja au mbili za DNA hujibu swali la sehemu fulani ya protini inafanya nini, na ndiyo njia ya kuiga badiliko lililopatikana kwa mgonjwa. Kuipachika protini alama inayong'aa, kama GFP ambayo Martin Chalfie na wenzake waliionyesha ndani ya mnyoo mwaka 1994, hukuambia protini iko wapi na inatokea lini. Halafu kuna kuiondoa protini kwa wakati unaoutaka wewe, kwa ajili ya jeni ambazo bila hizo kiumbe hafiki utu uzima.

Kosa la kawaida ni kukimbilia kuzima. Kwa panya, karibu theluthi moja ya jeni zilizozimwa na kupimwa kwa utaratibu zimeleta vifo kabla ya kuachishwa kunyonya, au watoto wachache kuliko inavyotarajiwa. Mtu anayeuliza kuhusu kumbukumbu uzeeni, kisha akazima jeni ya aina hiyo mwili mzima, atabaki na viinitete vilivyokufa na swali lake lilelile mkononi.

Hatua ya 2: Chagua kiumbe kwa ajili ya swali, si kwa mazoea

Ikiwa swali linahusu mambo ya msingi ya seli, kama kugawanyika au kukarabati DNA, anza na hamira, Saccharomyces cerevisiae. Hugawanyika kila baada ya dakika 90 hivi katika chakula kizuri. Zaidi ya hapo, huipokea DNA mpya na kuiweka mahali hasa ulipokusudia, mradi kila ncha ya DNA hiyo iwe na herufi 40 hadi 50 zinazolingana na mahali pale. Wanaohangaika na viumbe wengine wana haki ya kuwaonea wivu watu wa hamira.

Mnyoo wetu aliingizwa rasmi katika jenetiki na Sydney Brenner mwaka 1974. Ana urefu wa milimita moja, ni mwangavu, na huntha (mwenye jinsia zote mbili) aliyekomaa ana seli 959 za mwili, zote zikiwa zimefuatiliwa tangu yai. Hukomaa ndani ya siku tatu hivi, na huntha mmoja hutoa karibu watoto 300 bila kuhitaji dume. Maana yake ni kwamba badiliko lililo kwenye nakala moja ya kromosomu hujitengenezea lenyewe watoto wenye nakala mbili katika kizazi kinachofuata. Na anagandishwa, akayeyushwa miaka baadaye akiwa hai.

Nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, ndiye mkongwe. Thomas Hunt Morgan alimpata dume mwenye macho meupe mwaka 1910, na mwaka 1982 Gerald Rubin na Allan Spradling wakaonyesha namna ya kumwingizia jeni kwa kutumia kipande cha DNA kinachohamahama. Nguvu yake kubwa leo ni mfumo wa GAL4 na UAS, uliotolewa na Andrea Brand na Norbert Perrimon mwaka 1993: ukoo mmoja hubeba amri ya wapi, mwingine hubeba jeni ya kuwashwa, na ukiwazalisha pamoja jeni inawaka katika tishu uliyoichagua. Udhaifu wake ni kwamba kumgandisha si jambo la kawaida katika maabara nyingi. Kila ukoo huhamishiwa kwenye chupa mpya kila baada ya wiki chache, mwaka hadi mwaka, na mtu akisahau ukoo umepotea.

Samaki pundamilia hufaa unapotaka kuona viungo vya mnyama mwenye uti wa mgongo vikijengeka mbele ya macho yako. Kiinitete chake ni kiangavu, hukua nje ya mama, na moyo huanza kupiga kama siku moja baada ya yai kurutubishwa. Lakini mababu wa kundi la samaki alimo pundamilia walirudufisha jenomu yao yote (DNA yao nzima) zamani, kwa hiyo wakati mwingine jeni moja ya binadamu ina jeni mbili kwa samaki. Ukizima moja, nyingine huweza kuziba pengo na ukadhani jeni yako haina kazi.

Panya mtumie pale tu swali linapohitaji mamalia: kondo la nyuma, kinga ya mwili, tabia, maradhi ambayo samaki hawezi kuyabeba. Mimba yake ni ya wiki tatu, hupevuka kwa wiki sita hadi nane, na kila hatua hugharimu uhai wa wanyama wanaohisi maumivu. Njia ya kubadilisha jeni lengwa kupitia seli shina za kiinitete iliwapa Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies tuzo ya Nobel ya mwaka 2007. Kwa mimea, Arabidopsis huingiziwa jeni kwa kuchovya maua yake katika maji yenye bakteria Agrobacterium, njia rahisi kiasi kwamba haihitaji aya nzima.

Ukishachagua, usitengeneze bado. Tafuta kwanza kama ukoo unaouhitaji upo. Caenorhabditis Genetics Center ya Chuo Kikuu cha Minnesota hutunza maelfu ya koo za minyoo. Bloomington Drosophila Stock Center katika Chuo Kikuu cha Indiana hufanya hivyo kwa nzi, na Jackson Laboratory kwa panya. Kuomba ukoo uliopo kunaokoa miezi, na kwa panya kunaokoa maisha.

Hatua ya 3: Vibali

Kazi ya kubadilisha jeni hupita kwenye kamati ya usalama wa kibayolojia ya taasisi, na kazi ya wanyama wenye uti wa mgongo hupita kwenye kamati ya maadili. Peleka maombi kabla ya kuagiza kitu. Kanuni inayoongoza kamati nyingi ni ile ya William Russell na Rex Burch ya mwaka 1959: badala ya mnyama tumia kisichohisi inapowezekana, punguza idadi, punguza mateso. Ukoo ukivushwa mpaka, Itifaki ya Cartagena, iliyoanza kutumika mwaka 2003, inakuhusu.

Tahadhari moja ya usalama nitaisema kwa mkazo. Usiiweke jeni ya Cas9 (mkasi wa protini unaokata DNA) pamoja na ile ya RNA yake elekezi (inayouonyesha mahali pa kukata) ndani ya jenomu, mahali palepale zinapokata. Mpangilio huo hujinakili wenyewe kwenye kromosomu ya pili na kuenea karibu kwa watoto wote, jambo lililoonyeshwa kwa nzi mwaka 2015. Kiumbe wa namna hiyo akitoroka, huna namna ya kumrudisha. Ndiyo maana katika mwongozo huu Cas9 inaingizwa kama protini, ambayo hufanya kazi yake kisha ikaoza.

Hatua ya 4: Buni mkato na kiraka

Cas9 ni mkasi wa protini unaoongozwa na RNA. Emmanuelle Charpentier, Jennifer Doudna na wenzao walionyesha mwaka 2012 kwamba unaweza kuuelekeza popote kwa kubadilisha herufi 20 za RNA hiyo, kazi iliyowapa wawili hao tuzo ya Nobel ya mwaka 2020. Sharti ni moja: mara tu baada ya herufi hizo 20 kwenye DNA, lazima ziwepo herufi tatu ambazo ya kwanza ni yoyote na mbili zinazofuata ni GG. Alama hiyo huitwa PAM. Mkasi hukata herufi tatu kabla yake.

Anza kwa kusoma mfuatano wa DNA wa jeni yako kutoka katika ukoo utakaoutumia, si ule ulio kwenye hifadhidata peke yake. Tofauti ya herufi moja ndani ya zile 20 yaweza kukuharibia kila kitu. Kisha tafuta PAM iliyo karibu na mahali unapotaka badiliko, ikiwezekana ndani ya herufi 10, kwa sababu uwezekano wa kiraka, yaani DNA inayobeba badiliko lako, kushika hushuka haraka kadiri unavyosogea mbali. Kwa mnyoo, elekezi ambazo herufi zake 20 zenyewe zinaishia na GG hufanya kazi vizuri zaidi. Pitisha zilizobaki kwenye programu ya kutafuta mifuatano inayofanana katika jenomu, na uitupe yoyote yenye mfanano wa karibu kwingineko.

Sasa kiraka. Kwa badiliko dogo, agiza uzi mmoja wa DNA wenye badiliko lako katikati na herufi 35 zinazolingana na jenomu kila upande. Weka mambo mawili zaidi ndani yake. La kwanza, vunja PAM kwa kubadilisha herufi bila kubadilisha asidi amino. Usipofanya hivyo, Cas9 itakata tena DNA uliyokwisha kuirekebisha na seli itaiziba kwa fujo. La pili, ingiza hapohapo mfuatano unaokatwa na kimeng'enya cha kukatia DNA. Alama hiyo ndogo ndiyo itakayokuonyesha kwenye jeli ya kutenganishia vipande vya DNA, kwa saa chache, nani amebeba badiliko na nani hana.

Ukitaka kuzima jeni, usitegemee makosa madogo ambayo seli hufanya inapoziba mkato. Mara nyingine fremu ya kusoma (mpangilio wa herufi tatutatu) hunusurika, mara nyingine seli huruka kipande kilichoharibika na kutengeneza protini fupi inayofanya nusu ya kazi. Tumia kiraka chenye kodoni za kusimamisha (herufi tatu zinazoamuru protini ikome) katika fremu zote tatu, karibu na mwanzo wa jeni, katika eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA) inayotumiwa na kila toleo la RNA yake. Au kata kwa elekezi mbili na uiondoe jeni nzima pamoja na promota yake (kipande cha DNA kinachoiwasha). Mimi napendelea njia hii ya pili inapowezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba RNA mbovu inapovunjwavunjwa na seli, kuvunjwa huko kwenyewe kunaweza kuziamsha jeni ndugu zikafidia kazi iliyopotea. Jeni isiyotoa RNA kabisa haiamshi fidia hiyo.

Hatua ya 5: Changanya

Vaa glavu, fanyia kazi juu ya barafu, tumia maji yasiyo na vimeng'enya vya kuvunja RNA. Kwa mikrolita 20 za mchanganyiko, weka mikrogramu 5 za protini ya Cas9 na mikrogramu 2 za RNA ya kudumu, isiyobadilika kwa jeni yoyote, inayoshikana na Cas9, kisha karibu mikrogramu 1.1 za RNA elekezi ya jeni yako. Acha kwa nyuzijoto 37 za Selsiasi kwa dakika 15 ili zishikane. Kiraka huja baada ya hapo, mikrogramu 2.2 hivi, na sababu ya kukichelewesha ni kuhakikisha mkasi umeshaungana na kielekezi chake kwanza.

Ongeza alama ya kukusaidia kutafuta. Plasmidi (duara dogo la DNA) yenye aleli, yaani toleo, ya jeni ya rol-6 inayotawala, mikrogramu 0.8, huwafanya watoto walioipokea wabingirike wanapotembea badala ya kuteleza kwa mawimbi. Mtu yeyote huwatambua baada ya dakika moja ya mazoezi. Wapo wanaopenda kuihariri jeni ya dpy-10 kama alama, kwa kuwa inathibitisha kwamba Cas9 ilikata kweli, ilhali plasmidi inathibitisha tu kwamba sindano iliingia. Lakini dpy-10 iko kwenye kromosomu ya II, na jeni yako ikiwa jirani yake utapata shida kuzitenganisha. Plasmidi haikai kwenye kromosomu. Kizazi kijacho huipoteza chenyewe kwa sehemu.

Zungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji kwa kasi ya juu kwa dakika mbili na uchote sehemu ya juu tu. Chembe moja ya vumbi huziba sindano, na sindano iliyoziba ndiyo inayowakatisha tamaa wanaoanza kuliko jambo lolote katika orodha hii.

Hatua ya 6: Choma

Chagua huntha wachanga waliotoka tu kukomaa, walioshiba, wenye safu moja ya mayai tumboni. Mnyoo mwenye njaa ana gonadi (kiungo cha uzazi) nyembamba isiyopokea kitu. Mweke kwenye utandu mkavu wa agarosi chini ya tone la mafuta ya halokaboni. Utandu humnyonya maji na kumshikilia, na hapo saa imeanza kuhesabu: una dakika chache kabla hajakauka.

Lenga mkono wa mbali wa gonadi, ule ulio mbali na mayai, ambako viini vingi vinaelea katika uowevu mmoja bila kuta kamili kati yao. Hapo ndipo siri ya njia hii ilipo. Unachokiingiza huvifikia viini vingi kwa mpigo, na kila kimoja kinaweza kuwa yai. Sindano ikiingia sawasawa utaona uowevu ukitiririka na mkono ukivimba kidogo. Toa sindano, mdondoshee maji ya chumvi ya M9, subiri aanze kujinyonganyonga, mhamishie kwenye sahani yake yenye bakteria wa E. coli OP50. Ukichoma 15 hadi 20 vizuri, wakakaa kwa nyuzijoto 20, inatosha.

Kwa samaki na panya mahali pa kuchoma ni yai lililorutubishwa, likiwa bado seli moja. Kwa samaki ni kama nanolita moja. Kwa panya, maabara nyingi siku hizi huacha sindano na kufungua matundu ya muda kwenye yai kwa mshtuko wa umeme. Tofauti inayofuata ni kubwa: Cas9 huendelea kukata baada ya yai kugawanyika, hivyo mnyama wa kwanza anakuwa viraka vya seli zenye mabadiliko tofautitofauti. Usimfanyie majaribio kana kwamba ni ukoo. Mzalishe na aina asilia (asiyebadilishwa), kisha uwapime watoto, kwa sababu kipimo cha mkia au pezi hakikuambii kilichomo katika mbegu na mayai yake.

Hatua ya 7: Tafuta, kisha thibitisha

Siku ya tatu au ya nne, tazama sahani. Baadhi zitakuwa na wabingirikaji wengi, nyingine hazitakuwa na hata mmoja. Chota kutoka kwenye sahani tajiri, kama watoto 24, kila mmoja sahani yake. Waache watage kwanza, siku moja au mbili, ndipo umchukue mama: mvunje kwa proteinase K (kimeng'enya cha kuvunja protini) kwa nyuzijoto 65 kwa saa moja, izime kwa nyuzijoto 95 kwa dakika 15, na ufanye PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi.

Praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili huo) lazima zishike nje ya kiraka, nje hasa ya zile herufi 35 za kila upande. Zikiwa ndani, PCR itakuza kiraka kilichobaki kikielea ndani ya mnyoo na utashangilia badiliko lisilokuwepo. Kata zao la PCR kwa kimeng'enya ulichokiandalia nafasi. Vipande vikitokea pamoja na mstari usiokatwa, mnyoo huyo alikuwa na nakala moja.

Rudi kwenye sahani ya watoto wake na uchague wasiobingirika, ili uiache plasmidi nyuma. Robo yao wanatarajiwa kuwa na nakala mbili. Ukiwatenga wanane, kuna uwezekano wa asilimia 10 kwamba hata mmoja hatakuwa nazo. Ukiwatenga 16, uwezekano huo unashuka hadi asilimia moja. Tenga 16. Ni sahani nane zaidi, na zinakuokoa wiki.

Halafu soma mfuatano wa DNA wa homozaigoti (mwenye nakala mbili za badiliko), mwanzo hadi mwisho wa eneo lililoguswa. Uko mtego hapa ambao umewanasa watu makini. Cas9 wakati mwingine hufuta kipande kirefu, mamia au maelfu ya herufi, na hilo lilionyeshwa wazi kwa seli za panya mwaka 2018. Kromosomu iliyopoteza kipande hicho hupoteza pia mahali praima inaposhika, kwa hiyo PCR haiioni kabisa. Unaona nakala moja safi na kuita kiumbe homozaigoti, kumbe nusu ya pili ina shimo. Dawa yake ni PCR ya pili yenye praima zilizo mbali, herufi elfu kadhaa, na kuangalia kama watoto wote wa kiumbe huyo wanafanana naye.

Hifadhi aleli mbili zilizopatikana kwa wazazi tofauti waliochomwa. Zikionyesha jambo lilelile, shaka imepungua sana. Zikitofautiana, moja inakudanganya.

Hatua ya 8: Safisha ukoo

Jenomu ya kiumbe wako ina mabadiliko mengine ambayo hukuyaomba, ama kwa mikato isiyokusudiwa ama kwa kubadilika kwa kawaida ndani ya maabara. Mzalishe na dume wa aina asilia, tenga wajukuu wenye aleli yako, rudia. Kila mara, nusu ya mabadiliko yasiyofungamana na jeni yako huondoka kwa wastani. Baada ya mara nne yamebaki karibu asilimia 6. Madume ni haba kwa minyoo, karibu mmoja au wawili kati ya elfu, lakini ukiwaweka huntha wa hatua ya mwisho ya lava katika nyuzijoto 30 kwa saa nne hadi sita, watoto wao watakuwa na madume zaidi.

Kwa panya jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Vizazi 10 vya kuzalisha na ukoo mmoja ndivyo vinavyohesabiwa kuwa vimesafisha mandhari ya jenomu, na hata hapo eneo linaloizunguka jeni yako hubaki la ukoo wa zamani. Jina la ukoo nalo halitoshi. Chukua koo mbili za panya zenye majina yanayokaribiana: C57BL/6J ina upungufu katika jeni ya Nnt ambao C57BL/6N haina, na C57BL/6N ina badiliko la Crb1 linaloharibu retina. Mtu akiwachanganya wawili hao kama kitu kimoja, anaweza kuandika makala nzima kuhusu jeni yake kumbe anapima Nnt. Andika herufi ya mwisho ya jina la ukoo kila mahali.

Hatua ya 9: Mrudishie jeni

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asikate kona. Kiumbe asiye na jeni ana kasoro. Mrudishie jeni hiyo ikiwa nzima, na kasoro iondoke. Hilo likitokea umeifunga hoja. Lisipotokea, kasoro inaweza kuwa inatoka kwingine, na ni heri ujue sasa kuliko baada ya kuchapisha.

Ingiza nakala moja tu, mahali panapojulikana kuwa salama katika jenomu, ikiwa na promota yake yenyewe. Nakala nyingi zinazoelea nje ya kromosomu hutoa protini kupita kiasi mwilini, na katika seli za uzazi za mnyoo hunyamazishwa, hivyo jibu lake halisomeki. Ikiwa ulipachika GFP badala ya kuzima jeni, kipimo ni kilekile kwa njia nyingine: homozaigoti mwenye protini iliyopachikwa awe mzima kama aina asilia. Akiwa mgonjwa, basi GFP imeizuia protini kufanya kazi, na mahali unapouona mng'ao huenda si mahali protini halisi inapokaa.

Somo la samaki lifaa kukumbukwa. Kwa miaka mingi jeni zao zilinyamazishwa kwa morfolino, molekuli zinazozuia RNA kutafsiriwa. Ilipowezekana kuzizima jeni zenyewe, kasoro nyingi zilizoripotiwa hazikuonekana tena. Baadhi zilikuwa sumu ya morfolino. Nyingine ziligeuka kuwa za kweli, ila samaki aliyezimiwa jeni alikuwa akifidia, au mayai yalibeba RNA ya mama. Kwa hiyo kukosekana kwa kasoro nako kunahitaji uthibitisho: pima kama protini imetoweka kweli, na zalisha mama asiye na jeni hiyo kabla ya kusema haina kazi.

Kwa jeni ambazo kiumbe hawezi kuishi bila hizo, panya hutumia loxP na Cre: jeni huzungushiwa alama mbili, na kimeng'enya cha Cre huiondoa katika tishu kinapotengenezwa. Cre yenyewe inaweza kuudhuru mwili na pia huvuja kwenye tishu usizozitaka, kwa hivyo kundi la kulinganishia linalobeba Cre bila loxP ni la lazima. Kwa mnyoo kuna mkia wa kuozesha: protini hupachikwa mfuatano unaoitambulisha kwa mfumo wa kuvunjia protini, na ukimpa mnyoo homoni ya mimea iitwayo auksini, protini hupungua sana ndani ya saa moja hivi. Ukimwondoa kwenye auksini, hurudi.

Hatua ya 10: Jaribio lenyewe

Linganisha ndugu na ndugu. Panya wa tumbo moja, waliolelewa kizimba kimoja, wenye aleli na wasio nayo. Si panya wenye badiliko upande huu na panya walionunuliwa upande ule. Kwa minyoo, wakuze pamoja kwa wakati mmoja kwenye sahani za siku moja, na uwe na uhakika hawajawahi kulala njaa kwa vizazi kadhaa, kwani njaa ya bibi huonekana kwa mjukuu. Tumia jinsia zote mbili. Hesabu idadi ya wanyama kabla ya kuanza, si baada ya kuona matokeo. Mtu mwingine aandike namba kwenye sahani, wewe upime bila kujua ipi ni ipi, na orodha ifunguliwe mwishoni.

Hatua ya 11: Gandisha mapema

Usingoje makala ichapishwe. Siku ile ulipothibitisha mfuatano wa DNA, acha sahani chache zimalize chakula hadi zijae lava wachanga wenye njaa, kwa kuwa hao ndio wanaostahimili baridi; minyoo waliokomaa na mayai hufa. Wakusanye kwa M9, changanya na uowevu wenye gliseroli, waweke kwenye boksi la kupooza taratibu ndani ya friza ya nyuzijoto 80 chini ya sifuri. Ukoo mmoja uwe na mirija isiyopungua minne, iliyogawanywa kwenye friza mbili tofauti. Kwenye kila mrija andika jina la ukoo, jina la aleli, mara ulizosafisha na tarehe, kwa wino usiofutika na pombe.

Siku inayofuata toa mrija mmoja, uyeyushe, umwage kwenye sahani. Wakianza kutambaa, wachukue wawili watatu, fanya PCR tena, na uhakikishe kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa.